Kionyeshi cha flapu kwenye ndege ya kujiundia: sensa ikae wapi?

Mama_Alumini_Nax

Wadau, habari za jioni. Niko Nakuru. Riziki yangu ni madirisha na milango ya alumini, lakini jioni na wikendi mimi na binamu yangu tunaunda ndege nyuma ya karakana. Ni ya viti viwili, mabawa chini, mwili wa alumini mtupu, injini Rotax 912. Mabawa yameshafungwa, flapu (vile vibao vya nyuma ya bawa vinavyoshuka ili ndege iweze kubebwa kwa mwendo mdogo) zimeingia, na sasa tuko kwenye dashibodi, mahali ambapo pesa zinaisha bila mtu kuona zimeenda wapi.

Flapu zinaendeshwa na mota moja ya umeme nyuma ya viti. Mota inasukuma mkono, mkono unazungusha bomba linalopita mwilini kutoka upande hadi upande, na kila mwisho wa bomba kuna fimbo inayosukuma flapu ya upande wake. Juu kabisa ni digrii 0, chini kabisa ni 30. Swichi ni ya kushikilia: ukiibonyeza flapu zinashuka, ukiiachia zinasimama hapo hapo zilipofika. Hakuna kituo cha katikati.

Mtu aliyekuja kuikagua kazi yetu aliketi kwenye kiti cha rubani, akabonyeza, akaachia, akaniuliza: "Hizi sasa ziko digrii ngapi?" Nikageuza shingo kuangalia bawa. Akasema, haya, na ukiwa unakaribia kutua, upepo wa kando unakusukuma, utageuza shingo hivyo hivyo?

Msidhani ni urembo. Hapa tuko zaidi ya futi 6,000 juu ya usawa wa bahari. Kwa hesabu za vitabu, hewa ya urefu huo ingekuwa na joto la nyuzi 3 tu. Mchana wa Februari Nakuru ni nyuzi 25 bila shida. Kila nyuzi moja iliyozidi ni kama kuongezewa futi 120, kwa hiyo injini na mabawa yanafanya kazi kana kwamba tuko futi 8,600. Nikiondoka na digrii 10, sawa. Nikiondoka na 25 nikidhani ni 10, ile mikaratusi ya mwisho wa kiwanja nitaisalimia kwa majina.

Sasa mawazo tuliyo nayo. Binamu anasema tuhesabu: flapu zinachukua kama sekunde tisa kutoka juu hadi chini, basi sekunde tatu ni digrii 10. Fundi wa baiskeli wa mtaani anasema atanifungia waya wa breki wenye mshale mbele. Na mota yenyewe, hii ndiyo inanivutia, imekuja na nyaya tatu za ziada, kwa sababu ndani yake mna sensa inayojua mota imetoka urefu gani. Yaani sitoboi chochote. Naziunga hizo nyaya tatu na taa za LED kwenye dashibodi, kazi imeisha. Kuna ubaya gani? Na kama upo, sensa niiweke wapi?

Bawa_la_Kitale

Dada, hongera kwanza. Watu wengi huongea ndege, wachache hupiga ribiti.

Jibu langu fupi: rangi. Ndege yako ni ya mabawa chini, flapu unaziona kutoka kitini. Flapu ikishuka, mgongo wake wa mbele unatokeza kutoka chini ya bati la bawa. Weka simu yenye programu ya kupima mlalo juu ya flapu, ishushe hadi digrii 10, chora mstari pale pale bati la bawa linapoishia. Rudia kwa 20 na 30. Mstari mmoja ukionekana ni 10, miwili ni 20, mitatu ni 30. Haina waya, haina betri, haiwezi kuungua. Fanya mabawa yote mawili.

Mimi nilijifunzia Piper Cherokee, ndege ndogo ya mabawa chini. Mkono wa flapu uko katikati ya viti na unauvuta kama breki ya mkono ya gari: kituo cha kwanza digrii 10, cha pili 25, cha tatu 40. Kionyeshi ni mkono wenyewe, hata gizani unaupapasa. Tangu watuletee mota za umeme ndipo tumeanza kuulizana flapu ziko wapi.

JaKisumo_mstaafu

Mama Alumini, pole na kazi. Mimi ni mzee wa Kisumu, nimestaafu, ila miaka yangu mingi niliimalizia hangarini uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, nikiwa mgongo chini, tumbo la ndege usoni. Naanza na hilo linalokuvutia, maana ndilo linalonitia wasiwasi.

Sensa iliyo ndani ya mota inaijua mota. Flapu haizijui. Hebu tembea na kidole kutoka mota hadi flapu: kuna pini ya mota, kuna mkono, kuna mahali mkono umeshikana na bomba, kuna bomba, kuna fimbo ya kusukuma, na kila ncha ya fimbo ina beringi na bolti yake. Chochote hapo kikiachia, mota itaendelea na safari yake, na taa zako zitapanda kwa adabu, 10, 20, 30, huku flapu ziko unakotaka upepo.

Ililetwa kwetu ndege moja ya kujiundia, mwenyewe amerudi kutoka safari analalamika kwamba ilikataa kupunguza mwendo wakati wa kutua, ikaelea na kuelea hadi karibu imalize kiwanja. Kionyeshi kinasema 30. Akaniambia, na flapu si hizo, ziko chini, angalia. Kweli zilikuwa chini. Nikazishika kwa mkono nikazipandisha, zikapanda. Nikaziachia, zikashuka. Hazijashikwa na kitu. Bolti ya mkono ilichomoka kwa kukosa kotapini (kile kipini cha kuzuia bolti isichomoke), tukaikuta kwenye tumbo la ndege pamoja na kalamu ya biro na maganda ya njugu. Umeona mtego wake? Ndege ikiwa ardhini, uzito wa flapu unazining'iniza, unaziona zimeshuka. Angani upepo unazisukuma zirudi juu. Na sensa ilikuwa ndani ya mota, kwa hiyo taa zilikuwa zinatoa ushahidi wa uongo kwa sauti ya ukweli.

Kwa hiyo nyaya tatu za mota zifunge mkanda uziache. Sensa yako ishikwe na bomba, au na flapu yenyewe.

Na si mahali popote kwenye bomba. Kama mota inasukuma bomba karibu na upande wa kushoto, sensa weka mwisho wa kulia. Kwa nini? Bomba likipasuka, au mkono ukiteleza, au pale ulipochomelea paachie, mwisho wa mbali hautazunguka, na utajua mara moja kwa sababu swichi umebonyeza na taa hazijasogea. Ukiiweka jirani na mota utaambiwa habari za mota tu, umerudi kule kule.

Hata hivyo sensa moja haiwezi kukuambia kuhusu fimbo mbili. Fimbo ya kushoto ikikatika na ya kulia iko nzima, flapu moja itashuka na nyingine itabaki, na ndege itataka kulala ubavu. Hapo hutahitaji taa, mikono yako itakuambia. Rudisha swichi juu, kwa sababu ndiyo kwanza umeigusa na ndiyo iliyobadilisha mambo. Mistari ya rangi ya huyu ndugu wa Kitale kwenye mabawa yote mawili ndiyo itakayothibitisha. Namuunga mkono: rangi uipake hata ukiweka sensa ya milioni. Ila hoja ya yule mkaguzi inabaki, shingo haigeuki kila wakati, na jua la jioni likiwa upande wa bawa hakuna mstari utakaouona.

Kuhesabu sekunde hapana. Mota haifanyi kazi sawa ardhini na angani. Ukishusha flapu ukiwa na mwendo, upepo unaikaza, inapungua kasi. Ukizipandisha, upepo huo huo unaisaidia, inakimbia. Betri ikiwa imechoka, tena ni hesabu nyingine. Sekunde tatu za karakana si sekunde tatu za angani.

Waya wa breki sio wazo la kijinga, usimcheke fundi wa baiskeli. Cessna 172 nyingi zenye mkono wa kuchagua flapu zina kebo nyembamba inayotoka kwenye mitambo ya flapu na kurudi hadi mbele, na kile kijisindano kando ya mkono kinasukumwa na kebo hiyo. Ona walikoichukulia habari: kwenye flapu. Shida ya waya wa breki ni kwamba unajua kuvuta, haujui kusukuma. Utahitaji springi upande wa mshale, ala yake isipinde kona kali, na vumbi la Nakuru likiingia ndani mshale utaanza kuchelewa digrii mbili tatu. Mimi ningefanya kwa umeme, lakini nisingemkataza mtu.

Jambo la mwisho, na hili hata ukisahau mengine ulishike. Kionyeshi kisiwe na uwezo wa kuzuia flapu. Kifimbo kinachounga sensa na bomba kiwe dhaifu makusudi, waya wa chuma cha springi wa milimita moja na nusu hivi. Sensa ikikwama, waya upinde na flapu ziendelee na kazi yake. Nimeona mtu amefunga sensa kwa fimbo nene yenye beringi pande zote mbili, kazi safi kabisa, ya kupigia picha. Sensa hiyo ingekwama, kitu cha kukuambia flapu ziko wapi ndicho kingezikataza kufika.

StimaZote_Eldy

Jaduong', mzee wetu, amemaliza upande wa vyuma, mimi nije na umeme.

Kama dashibodi yako ina skrini ya Dynon SkyView au mfano wake, usitengeneze kitu. Ina mahali pa kuunga sensa ya flapu, unaifundisha 0 ni hapa, 10 ni hapa, na inakuchorea. Ila kwa jinsi ulivyosema kuhusu pesa nadhani una mita za sindano kama sisi wengine.

Sensa: watu wengi wa ndege za kujiundia hutumia Ray Allen POS-12. Ni potensiomita (rezista inayobadilika ukiisogeza) ya kuteleza, safari yake inchi 1.2, nyaya tatu: nyeupe yenye mstari wa chungwa ni volti 5, yenye mstari wa bluu ni hasi, yenye kijani ndiyo inayoleta habari. Unaweza pia kuvua sensa ya koo la hewa (throttle) kwenye gari kuukuu, nayo ni potensiomita ya volti 5, ila imetengenezwa kwa mzunguko mkubwa kuliko digrii zako 30, itabidi uichezee na mikono mirefu na mifupi ili uitumie yote.

Kionyeshi: chipu LM3914. Ipo tangu enzi za redio kaseti na bado inauzwa Luthuli Avenue. Inaendesha LED kumi bila programu yoyote. Binamu yako atataka Arduino, ile bodi ndogo ya kuandikiwa programu, najua, kila binamu anataka Arduino. Siyo vibaya, lakini hapo kuna mstari wa programu unaoweza kuganda, na kwa taa kumi hakuna haja. LM3914 haina akili, na hiyo ndiyo sifa yake.

Fanya hivi. Sensa ipate volti 5 kutoka 7805 (chipu ya kushusha volti 12 hadi 5), chipu yenyewe ipewe volti 12 za ndege kupitia fyuzi yake ya ampea 1 na kichujio. Usiipe chipu volti 5, kwa sababu ngazi yake ya juu, yaani volti inayowasha taa ya mwisho, inataka kuwa chini ya umeme wa chipu kwa angalau volti moja na nusu, na hapa ngazi ya juu itakuwa 4.2. LED zilishe kutoka zile 5 ili chipu isipate joto. Mguu wa 9 uache wazi, iwashe taa moja moja badala ya mstari mzima. Rezista ya 1.2k kati ya mguu wa 7 na hasi, na wa 8 pia kwenye hasi, inakupa kama miliampea 10 kwa kila taa.

Sasa utamu. Rekebisha sensa ili flapu zikiwa juu itoe volti 0.5, zikiwa chini kabisa itoe 4.5. Ngazi ya chini, mguu wa 4, iunge na hasi. Ngazi ya juu, mguu wa 6, ipe 4.2 kutoka kwenye zile 5 kupitia voliumu ndogo ya bisibisi. Piga hesabu: kila taa ni volti 0.42. Digrii 0 itawasha taa ya 1. Digrii 10 ni volti 1.83, taa ya 4. Digrii 20 ni 3.17, taa ya 7. Digrii 30, taa ya 10. Moja, nne, saba, kumi. Hizo nne zinunue za kijani, za katikati za njano. Kijani maana yake umefika, njano uko njiani.

Halafu rezista ya 100k kutoka waya wa habari hadi hasi, pale pale kwenye chipu. Waya wa kijani wa sensa ukikatika, volti zinaanguka hadi sifuri, na kwa sababu taa ya kwanza inahitaji 0.42, taa zote zinazimika. Giza maana yake kionyeshi kimekufa, usikiamini. Watu wengi hupanga taa ya sifuri iwe "hakuna taa", na hapo flapu zilizo juu na waya uliokatika zinafanana kabisa.

Mama_Alumini_Nax

Asanteni sana. Mzee, hiyo hadithi ya flapu kuning'inia imenifanya nishuke hadi karakana na tochi kuhesabu kotapini. Zipo zote.

Bomba letu mota inalisukuma upande wa kushoto, basi upande wa kulia nina nafasi. Maswali mawili. Mkono wa kushika sensa kwenye bomba niukate urefu gani? Nina mabaki ya alumini ya kila unene, hilo si tatizo. Na la pili kwa wa Eldoret: tulijaribu haraka haraka mezani na mita ya volti na potensiomita ya redio tukiwa tumeichomeka kwenye hasi ya mota. Mota ikisimama inasoma vizuri. Mota ikitembea inaruka ruka, na ikisimama inarudi. Potensiomita mbovu?

StimaZote_Eldy

Potensiomita ni nzima. Mota inavuta ampea kadhaa kupitia waya ule ule wa hasi, waya una upinzani wake mdogo, kwa hiyo "sifuri" ya sensa inainuka kidogo mota inapotembea na kushuka inaposimama. Sensa na chipu zipate hasi yao wenyewe hadi kwenye kituo kikuu cha hasi, zisikutane na mota njiani. Tumia waya wa nyuzi tatu wenye kifuniko cha nyavu, na nyavu hizo ziunge na hasi upande mmoja tu, upande wa dashibodi. Kapasita ya mikrofaradi 0.1 kati ya waya wa habari na hasi, karibu na chipu. Ukimaliza hivyo, ruka ruka itaisha.

JaKisumo_mstaafu

Urefu wa mkono: kama utatumia ile ya inchi 1.2, safari yake ni milimita 30 na kidogo. Usiitumie yote, acha nafasi kila mwisho ili isigonge ukuta. Lenga milimita 24 au 25. Bomba lako likizunguka digrii 30, mkono wa milimita 48 kutoka katikati ya bomba hadi tundu la waya unakupa hizo.

Lakini kuzunguka kwa bomba kuwe 30 kweli. Kwenye ndege nyingi bomba linazunguka pembe tofauti na flapu, kwa sababu mikono ya bomba na ya flapu si ya urefu mmoja. Pima bomba lenyewe kabla hujakata. Likizunguka zaidi, mkono fupisha.

Ufunge mkono ili flapu zikiwa nusu ya safari, digrii 15, mkono na kifimbo vifanye pembe mraba. Ukifanya hivyo safari inagawanyika karibu sawa. Ukianzia pembe mraba wakati flapu ziko juu, digrii 10 za kwanza zinakula milimita 8.3 na 10 za mwisho 7.6. Si maafa, ila kwa mpango wa huyu kijana wa Eldoret wenye ngazi za volti ni afadhali ziwe sawa.

Alumini ya milimita 2 inatosha kwa mkono. Usitoboe bomba. Tengeneza kola ya vipande viwili ilikumbatie, na weka kipande cha mpira mwembamba katikati kisilikwaruze. Tundu kwenye bomba linalobeba mzigo ni mwanzo wa ufa, na wewe unajua alumini inavyopenda kuanzia ufa kwenye tundu.

Bawa_la_Kitale

Jaduong', wewe ni wa zamani, unakumbuka ile 747 ya Nairobi?

JaKisumo_mstaafu

Nani asiyeikumbuka. Lufthansa 540, tarehe 20 Novemba 1974, ikiondoka Embakasi kwenda Johannesburg. Watu 157 ndani, 59 walikufa. Ilikuwa 747 ya kwanza duniani kuanguka ikaua. Flapu za nyuma zilikuwa zimeshuka digrii 10 kama inavyotakiwa. Za mbele, zile za ukingo wa mbele wa bawa, hazikutoka, kwa sababu zilisukumwa kwa hewa kutoka injini na vali za hewa hiyo zilikuwa zimefungwa. Ndege ikanyanyuka, ikatetemeka, ikakosa nguvu ya kupanda, ikarudi chini ng'ambo ya mwisho wa kiwanja. Na Embakasi nako ni juu, zaidi ya futi 5,000, hewa nyepesi kama ya Mama Alumini. Baada ya hapo Boeing waliongeza mfumo wa kumwonya rubani kama za mbele hazijatoka.

Ndege ya viti viwili haina flapu za mbele wala hewa ya injini. Naitaja kwa sababu moja: kujua kwamba flapu hizi ziko sawa hakukuambii kuhusu zile. Ndiyo maana nakazania mistari kwenye mabawa yote mawili, na kwamba kabla ya kuondoka utazame nje kulia na kushoto, ukishamaliza kutazama taa.

Bawa_la_Kitale

Hapo tumekutana. Nami niongeze la rubani, maana nyote mnaongea kama mafundi. Kionyeshi kisikae chini karibu na goti. Kiweke juu ya dashibodi, kisimame wima kando ya mita ya mwendo, digrii 0 juu na 30 chini, taa zishuke flapu zinaposhuka. Mita ya mwendo ina ule upinde mweupe, mwisho wake wa juu ndio mwendo mkubwa kabisa unaoruhusiwa flapu zikiwa chini kabisa. Macho yako yawe hapo hapo kwa mambo yote mawili. Na siku ukikataa kutua ukaongeza nguvu ya injini ili upae tena, utapandisha flapu hatua kwa hatua, si zote kwa mpigo. Zile za mwisho ni za kuburuza, za kwanza ndizo zinazokubeba. Hapo ndipo ile taa ya 4 ya kijani itakulipa.

Mama_Alumini_Nax

Sawa. Kola ya vipande viwili nitaikata kesho nikimaliza milango ya mteja mmoja wa mtaa wa Section 58. Binamu amenuna kuhusu Arduino lakini amekubali kuchomelea nyaya kwa risasi. Swali la mwisho: kioo chetu cha juu ni kiputo kizima, jua la saa saba linaingia lote. LED zitaonekana?

StimaZote_Eldy

Za kawaida hazitaonekana. Nunua zile za mwanga mkali zenye lenzi isiyo na rangi, na uzizamishe ndani ya dashibodi, nyuma ya bati lenye matundu, kila taa chini ya shimo lake, milimita 5 hivi ndani. Kivuli cha shimo ndicho kitakachozisaidia. Bati lipake rangi nyeusi isiyong'aa. Tatizo lake ni jioni, mwanga ule ule utakupofusha. Ile 1.2k igeuze iwe rezista ya 680 na voliumu ya 10k mfululizo. Ukiikaza hadi mwisho unapata kama miliampea 18 za mchana, ukiilegeza unashuka hadi karibu 1. Weka kitufe chake mahali goti halikigusi.